Nyumba na Fedha: Vyumba viwe vyetu au vya kampuni?

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Iyunga, Iringa na Tunduma. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko kawaida, kwa sababu swali lake linaletwa ofisini kwangu hapa Soweto, Mbeya, karibu kila wiki, na ninaona watu wakikimbilia kusajili kampuni kabla hawajakaa chini na kalamu.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi wa serikali hapa Mbeya. Mimi na mume wangu tuna kiwanja chenye hati Iyunga. Tunaishi nyumba ya mbele, na uani tumejenga vyumba vinane vya masta tunavyopangisha wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST, kila kimoja 60,000 kwa mwezi. Hadi kuisha vilitugharimu kama milioni 48. Sasa tunataka kuongeza vinane vingine. Benki imesema itatupa milioni 40 kwa riba ya asilimia 16, marejesho ya miaka saba, kwa dhamana ya hati yetu. Shemeji yangu anaishi Leicester, Uingereza, na ana nyumba mbili za kupangisha huko. Anasisitiza tufungue kampuni, vyumba viingie kwenye kampuni, halafu kampuni ndiyo ikope. Anasema kodi itapungua, na mambo yakiharibika nyumba yetu haitaguswa. Tufanyeje? – Muuguzi, Iyunga

JIBU: Marahaba mwanangu. Shemeji yako hajakudanganya. Anakueleza kilicho kweli kwake. Uingereza, kuanzia Aprili 2017, serikali ilianza kumwondolea mtu binafsi anayepangisha nyumba ya kuishi haki ya kutoa riba ya mkopo kwenye mapato yake kabla hayajatozwa kodi. Ilifanya hivyo kidogo kidogo, na kufikia Aprili 2020 haki hiyo ilikuwa imekwisha. Siku hizi anapewa nafuu ya asilimia 20 ya riba, hata kama yeye mwenyewe yuko kwenye ngazi ya kutozwa 40. Kampuni hazikuguswa na badiliko hilo. Zinaendelea kutoa riba yote, na yenye faida isiyozidi pauni 50,000 hutozwa asilimia 19. Ndiyo maana wenye nyumba wengi wa huko wananunua kwa jina la kampuni. Sheria iliyomsukuma yeye haipo kwetu, kwa hiyo ushauri wake lazima upimwe upya kwa sheria za hapa.

Kabla ya kodi, tuangalie hati yenu. Umeandika kwamba mnaishi nyumba ya mbele na vyumba viko uani, na kiwanja ni kimoja. Maana yake hati ni moja. Hakuna namna ya kuingiza vyumba kwenye kampuni mkaiacha nyumba ya watoto nje, labda kwanza mkigawe kiwanja: mpimaji, ramani ya upimaji iidhinishwe, halmashauri ya jiji ikubali, kisha hati mbili zitoke. Bila hivyo, siku mnapoihamisha hati kwenda kwenye kampuni mnakuwa mmehamisha na kitanda mnacholalia. Na uhamisho wenyewe serikali inautazama kama mauzo, ingawa mnajiuzia wenyewe. Mthamini atakuja. Tuseme akaona kiwanja na majengo yote vina thamani ya milioni 120, na ninyi mna risiti za gharama ya milioni 85. Ongezeko ni milioni 35, kodi yake asilimia 10, yaani milioni 3.5. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, milioni 1.2 nyingine. Hapo hamjamlipa wakili wala mthamini, na hamjaongeza hata tofali.

Nimesema risiti kwa makusudi. Wengi wanaokuja kwangu wana daftari la kaunta lenye maandishi ya penseli: “saruji mifuko 30, fundi laki mbili, bati za kwa yule wa Mwanjelwa”. Daftari hilo nalipenda, linaonyesha uaminifu, lakini siku ya kuhesabu ongezeko la mtaji TRA, yaani mamlaka ya mapato, wanataka risiti. Vyumba vipya mtakavyojenga, kila mfuko wa saruji na kila nondo udai risiti ya mashine, upige picha na simu siku hiyo hiyo, maana karatasi zile zinafutika maandishi kabla jengo halijaezekwa.

Sasa lile la nyumba kutoguswa. Kisheria kampuni ni mtu mwingine, na deni la kampuni si deni lako. Hilo ni kweli. Ila nimefanya kazi idara ya mikopo kabla ya kufungua ofisi yangu, na ninajua faili la kampuni changa linavyopokelewa. Ofisa wa mikopo huanza kwa kuomba mahesabu yaliyokaguliwa, mara nyingi ya miaka miwili au mitatu. Kampuni iliyosajiliwa juzi BRELA, kwa msajili wa kampuni, haina. Kwa hiyo benki inawageukia wakurugenzi: sainini dhamana binafsi, na lete hati. Mkishasaini dhamana binafsi, kampuni ikishindwa kulipa deni linarudi kwenu wawili. Na hati inayoshikwa ni ile ile ya Iyunga. Kinga anayoizungumzia shemeji yako inafanya kazi kwa madeni ya namna nyingine, kwa mfano mpangaji akiumia kwa ukuta uliodondoka akaishtaki kampuni. Kwa mkopo wa benki, msiitegemee.

Jambo jingine kuhusu hati hiyo: ni nyumba ya ndoa. Sheria ya Ardhi haimruhusu mmoja wenu kuiweka rehani bila mwenzake kuridhia, na benki itawataka wote wawili msaini. Tafadhali msiichukulie saini hiyo kama kukamilisha makaratasi tu. Kaeni mezani, msome mkataba wa rehani ukurasa kwa ukurasa, na muulize ni nini kitatokea mkikosa rejesho moja, mkikosa matatu. Mkishindwa kabisa, benki inatakiwa kuwapa notisi ya siku 60 kabla ya kuchukua hatua ya kuuza. Siku 60 zinaisha haraka sana kwa mwenye watoto shuleni.

Tuje kwenye kodi, na hapa naomba uchukue kalamu.

Vyumba vinane vikijaa mwaka mzima vinaleta 480,000 kwa mwezi, 5,760,000 kwa mwaka. Mkikaa kama watu binafsi ambao kupangisha si biashara wanayoiendesha, kodi ni asilimia 10 ya pango lote, yaani 576,000, na hesabu inaishia hapo. Hakuna wa kuuliza mlipaka rangi kwa bei gani. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, yeye ndiye huizuia na kuipeleka TRA. Kwa vyumba vya wanafunzi, wenye nyumba wengi hapa mjini wanachukua control namba na kuipeleka wenyewe.

Vyumba hivyo hivyo vikiwa vya kampuni, kiwango ni asilimia 30, lakini ya faida. Toa matengenezo, tuseme 700,000. Toa uchakavu wa jengo, ambao sheria inakuruhusu asilimia 5 ya gharama kila mwaka, kwenu 2,400,000. Toa mhasibu na mkaguzi wa hesabu, maana kampuni haikwepi mkaguzi, niweke 1,200,000. Inabaki faida ya 1,460,000, na kodi yake ni 438,000. Mkitaka kugawana kinachobaki, gawio linakatwa asilimia 10, ambayo ni 102,200. Jumla ya kodi ni 540,200. Kwa njia ya kampuni mngeokoa 35,800, na kwa ajili ya kuziokoa mngewalipa mhasibu na mkaguzi 1,200,000. Kwa vyumba vinane, jibu langu ni hapana, na nalisema bila kusita.

Mkopo ukiingia, picha inabadilika, na hapa ndipo shemeji yako ana hoja ingawa hajaitaja. Vyumba 16 vikijaa vinaleta 11,520,000 kwa mwaka. Ukibaki kwenye ile asilimia 10 ya pango lote, utalipa 1,152,000, hata kama mwaka huo riba peke yake imekula karibu milioni 6.2. Ile asilimia 10 haijali kama una deni au huna. Anayetozwa kwa faida anatoa riba kwanza: milioni 6.2 ya riba, milioni 4.4 ya uchakavu wa majengo yote, matengenezo milioni 1.4. Jumla ni milioni 12, imepita pango lote. Hakuna faida, na pasipo faida hakuna kodi ya mapato kwa mwaka huo.

Lakini angalia vizuri ni nini kilicholeta nafuu hiyo. Si neno kampuni. Ni hesabu zilizotunzwa. Mtu binafsi naye anaweza kwenda TRA, akasajili upangishaji kuwa biashara yake kwa TIN yake (namba ya mlipakodi), akatunza vitabu, akapeleka makadirio na ritani (taarifa ya mapato ya mwaka), na akatoa riba vile vile. Faida ikipatikana inaungana na mshahara wako. Kama mshahara umeshapita milioni moja kwa mwezi, ngazi yako ni asilimia 30, sawa na ya kampuni, lakini ukishalipa, fedha ni yako. Hakuna gawio la kukatwa tena asilimia 10. Kwa kampuni, kila shilingi 100 ya faida inatoka 30, kisha kwenye 70 inatoka 7, inakufikia 63. Kwa wewe unayetaka pango lilipe ada ya watoto, tofauti ya 70 na 63 ni kubwa. Njia hii ya tatu haisemwi sana kwa sababu hakuna anayetoza ada ya kuisajili.

Sasa niseme kinachonitia wasiwasi kuliko jina la kwenye hati, maana hukukiuliza. Milioni 40 kwa asilimia 16 kwa miaka saba ni rejesho la kama 794,000 kila mwezi. Vyumba vyote 16 vikijaa vinatoa 960,000. Mnabaki na 166,000 ya kupaka rangi, kuziba bomba, kulipa maji ya pamoja, na kulipa kodi. Na wewe unawajua wanafunzi: likizo ndefu ikifika wanafunga vyumba na kuondoka, na wengine hawarudi kwako, wanahamia kwa jirani aliyeweka vigae. Isitoshe, vyumba vipya haviingizi kitu miezi inayojengwa, wakati marejesho yameshaanza, isipokuwa benki iwape kipindi cha kulipa riba tu. Kiombeni kwa maandishi. Vyumba vinne vikikaa tupu kwa miezi mitatu, hizo ni 720,000 zinazotakiwa kutoka kwenye mshahara wako.

Ningekuwa dada yako wa damu ningekuambia ujenge vinne, si vinane. Milioni 20 kwa masharti yale yale ni rejesho la kama 397,000, na vyumba 12 vinaleta 720,000. Mnapata pa kupumulia. Tena wewe ni mtumishi wa serikali: una mkopo wa mshahara ambao hautaki hati, ilimradi theluthi moja ya mshahara wako ibaki. Ulinganishe riba ya huo na ya rehani, kwa sababu riba za mikopo ya nyumba hapa nchini zimekuwa zikichezea kati ya asilimia 13 na 19, na tofauti ya pointi mbili kwa miaka saba si ndogo. Mkopo wa mshahara ukikaribiana na huo wa benki kwa riba, uchukue huo, na hati ibaki kabatini kwenu.

Sajilini upangishaji kuwa biashara mwezi mnaochukua mkopo, siyo baadaye. Kuhusu kampuni, lifikirieni siku mtakaponunua kiwanja kingine, mahali pengine, kisicho na nyumba ya watoto juu yake. Hicho mkinunue kwa jina la kampuni tangu mwanzo, na hapo hakutakuwa na kuhamisha.

SWALI: Kwako mhariri wa ukurasa huu. Baba yetu alifariki akaacha nyumba kubwa Gangilonga, Iringa, na fremu tatu Kihesa. Tuko wanne: kaka mkubwa yuko Dodoma, mimi niko Iringa, mdogo wetu mmoja Makambako na mwingine Dar es Salaam. Kaka ndiye msimamizi wa mirathi. Hatutaki kuuza. Pango linakusanywa na mimi, na kila mwisho wa mwezi simu zinapigwa, kila mmoja anataka kujua zimeingia ngapi. Kuna mtu ametushauri kampuni. – Mtoto wa pili, Iringa

JIBU: Poleni na msiba. Kwenu ninyi ushauri huo ni mzuri, na sababu yake haina uhusiano na kodi. Kikodi pengine mtalipa zaidi kidogo kuliko mkikaa kama watu binafsi. Mnachonunua kwa kodi hiyo ni utulivu.

Nyumba haigawanyiki mara nne, hisa zinagawanyika. Kila mmoja akiwa na hisa 25 kati ya 100, mwenye shida ya fedha anauza hisa zake badala ya kulazimisha nyumba ya baba iuzwe. Mmoja wenu akifariki, hisa zake zinakwenda kwa wanawe, na Gangilonga inabaki ilivyo. Fikiria mkiandikwa wanne kwenye hati badala yake: baada ya miaka 20 ni wajukuu 15, mirathi nne, na hakuna fundi wa bati atakayeitwa mpaka wote wakubaliane.

Yote yatategemea katiba ya kampuni. Msichukue ile ya kunakili ya stationery. Mwambieni wakili aandike kwamba anayeuza hisa lazima awape ndugu kwanza, kwa bei ya mthamini. Kwamba sehemu fulani ya pango inabaki benki kwa matengenezo kabla ya gawio. Na kwamba anayekusanya pango analipwa ujira. Hilo la mwisho nalikazia kwa ajili yako. Anayekimbizana na wapangaji, anayeamka usiku koki ikipasuka, halafu anapata sawa na aliye Dar, atachoka, na uchungu wake utaingia kwenye hesabu. Ujira wako uandikwe na ujulikane, na utakuwa gharama halali ya kampuni.

Akaunti ya benki iwe ya kampuni, saini mbili, na wapangaji walipe huko moja kwa moja. Taarifa ya benki itume kwenye kundi lenu la WhatsApp kila tarehe moja. Zile simu zitapungua zenyewe.

Gharama zipo: taarifa ya kila mwaka BRELA, mkaguzi wa hesabu, makadirio ya TRA yanayolipwa kwa awamu nne, na ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Hata mwaka ambao fremu zote zilikuwa tupu, taarifa zinatakiwa. Chagueni mmoja wa kulisimamia hilo, na asiwe wewe unayekusanya pango. Na kaka amalize kwanza kazi ya usimamizi wa mirathi mahakamani. Mali ya marehemu haiingii kwenye kampuni kwa makubaliano ya sebuleni. Wakili awaonyeshe mapema kodi za uhamisho, kama nilivyomweleza muuguzi wa Iyunga.

SWALI: Nina fremu mbili Tunduma. Moja amepanga mtu wa duka la dawa, ana kampuni. Mkataba ni 300,000 kwa mwezi, analipa miezi sita. Safari hii ameniletea 1,620,000 badala ya 1,800,000, anasema ya TRA ameikata. Je, ameniibia? – Mzee wa Fremu, Tunduma

JIBU: Shikamoo mzee. Hajakuibia kama ameipeleka. Zile 180,000 ni kodi yako wewe, asilimia 10 ya pango, na sheria inamtaka yeye aizuie na kuilipa TRA kwa niaba yako. Unachotakiwa kumdai ni cheti cha kodi ya zuio chenye jina lako na TIN yako. Akisita kukupa, hapo ndipo uanze kuuliza, kwa sababu bila cheti TRA wanaweza kukuona hujalipa, na wewe umeshakatwa. Kiweke pamoja na mkataba. Na mkataba wenyewe, kama haujapelekwa TRA kulipiwa ushuru wa stempu, upeleke: siku mkifikishana barazani au mahakamani, mkataba usio na stempu utakusumbua kuutumia kama ushahidi.

Mkataba ukiisha, usikubali ule wa mdomo wa “tutaelewana, mzee”. Uandikwe pango ni kiasi gani kabla ya zuio, na nani anabeba zuio, ili mwezi wa saba usibishane naye tena mlangoni.